UZI: Jibini gumu la miezi 12, 24, 36: si kukauka tu. Ndani yake kinabadilika nini hasa?

stoo_kiwengwa (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wote.

Uzi huu ni kwa wale wanaoshika jibini kila siku bila ya kuambiwa ni kitu gani: vijana wa jikoni hotelini, wauza vyakula, na yeyote anayesimama dukani akasoma lebo asielewe kwa nini kipande kidogo kina bei kubwa hivyo. Mimi nashughulika na stoo ya chakula katika hoteli moja ukanda wa Kiwengwa. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, kwa hiyo jibini gumu napokea, napima na natunza mwaka mzima.

Kauli ninayoisikia kila msimu ni hii: "Jibini la miaka miwili ni lile lile la mwaka mmoja, limekauka tu." Sikubaliani nayo. Kukauka kupo, na nitakuonesheni hesabu yake. Lakini ukishaitoa hesabu ya maji bado kuna mabadiliko makubwa ambayo mizani haiwezi kuyaona, na hayo ndiyo yanayolipiwa.

Tuanze na maziwa yenyewe. Maziwa ya ng'ombe ni maji asilimia 87 hivi. Kinachobaki ni laktosi, yaani sukari ya maziwa, kama asilimia 4.7, mafuta baina ya 3.5 na 4, protini 3.3 hivi, na madini chini ya asilimia 1. Katika protini hiyo, sehemu nne kwa tano ni kazeini. Kazeini ndiyo inayoganda. Protini iliyobaki haigandi kwa reneti (kile kinachotiwa ili maziwa yagande), inaondoka na yale maji yanayochujika, pamoja na sehemu kubwa ya sukari na vitamini zinazoyeyuka kwenye maji. Rangi ya kijani-manjano unayoiona kwenye maji hayo ni vitamini B2.

Nitashika mfano mmoja nisije nikatawanyika: Parmigiano Reggiano ya kaskazini mwa Italia, kwa sababu masharti yake yameandikwa na hayabadilishwi ovyo. Maziwa mabichi ya jioni yanalazwa, krimu inapanda juu, inaondolewa, kisha yanachanganywa na ya asubuhi. Yanaingia kwenye beseni la shaba. Wanatia majimaji yaliyochachuka ya jibini la jana, ndiyo yenye bakteria, halafu reneti ya tumbo la ndama. Yakiganda yanavunjwavunjwa mpaka chembe ziwe ndogo kama punje za mchele, na yanapashwa moto hadi nyuzi joto 55. Beseni moja linatoa magurudumu mawili. Gurudumu moja la kilo 40 hivi limekula lita 550 za maziwa. Baada ya hapo linalazwa kwenye maji ya chumvi zaidi ya wiki mbili, ndipo linapandishwa rafu za mbao. Chini ya miezi 12 haliruhusiwi kuitwa kwa jina hilo. Likitimiza mwaka, mkaguzi anapita na kinyundo, analigonga pande zote na kusikiliza kama lina ufa au uwazi ndani.

Sasa nini kinatokea huko rafuni.

Sukari ndiyo inayotangulia kuondoka. Nyingi ilishatoka na majimaji. Iliyobaki bakteria wanaila ndani ya siku moja au mbili za mwanzo na kuigeuza asidi ya laktiki. Kwa hiyo jibini la mwaka mmoja halina sukari ya kuhesabika. Lebo zinaandika chini ya gramu 0.1 kwa kila gramu 100. Angalieni vizuri hapo: sukari haikupungua kwa umri wa miaka. Imeisha kabla hata chumvi haijaingia.

Maji yanapungua polepole kwa miezi mingi. Na hapa ndipo watu wanapopotea wakisoma asilimia. Chukua kilo 10 za jibini changa, tuseme kwa ajili ya hesabu tu: maji kilo 4, protini kilo 2.8, mafuta kilo 2.7, chumvi na vinginevyo nusu kilo. Liache rafuni mpaka lipoteze kilo moja ya maji. Limebaki kilo 9. Maji sasa ni kilo 3, yaani asilimia 33. Protini ni kilo zile zile 2.8, lakini ukigawa kwa 9 unapata asilimia 31, wakati mwanzo ilikuwa 28. Mafuta yalikuwa asilimia 27, sasa ni 30. Hakuna aliyeongeza kitu. Parmigiano iliyokomaa inafika maji kama asilimia 30, protini 32 hivi, mafuta karibu 30, na kalsiamu zaidi ya gramu moja katika gramu 100. Mtu akikwambia "jibini likizeeka linaongeza protini", mpe hesabu hiyo.

Protini: hapa ndipo penye kazi yenyewe. Kazeini ni mnyororo mrefu wa asidi amino, yaani vijenzi vidogo vya protini. Siku ya kwanza minyororo hiyo imeshikana na kalsiamu na kufanya wavu, ndani yake mmenaswa mafuta na maji. Ndiyo maana jibini changa linavutika kama mpira na halina ladha kubwa zaidi ya maziwa na chumvi. Kisha vimeng'enya, yaani protini zenye kazi ya kukata nyingine, vinaanza kukata. Vipo vya aina tatu. Kuna mabaki ya reneti, ambayo katika majibini yasiyopashwa moto mkali, kama Cheddar, yanaendelea kufanya kazi kwa miezi. Kuna plasmini, iliyokuja ndani ya maziwa yenyewe kutoka kwenye damu ya ng'ombe. Hii inavumilia moto, na katika majibini yaliyopikwa ndiyo inayobeba mzigo mkubwa kwa sababu moto umeiumiza reneti. Na kuna vya bakteria. Bakteria wengi wanakufa ndani ya miezi ya mwanzo, miili yao inapasuka, na vimeng'enya vilivyokuwa ndani vinamwagika kwenye jibini na kuendelea na kazi bila ya wenyewe.

Ukataji unakwenda kwa hatua. Kwanza vipande vikubwa: jibini linalegea, linaacha kuvutika. Kisha vipande vya kati, na baadhi ya hivyo ni vichungu. Jibini lililokatiwa njiani, au lililotiwa reneti ya kupindukia, linabaki na uchungu nyuma ya ulimi. Likiachwa muda wake, vimeng'enya vya bakteria vinakata vile vichungu mpaka kufikia asidi amino moja moja. Katika Parmigiano ya miezi 24, asidi amino zilizo huru ni kama moja ya tano ya protini yote au zaidi. Mojawapo ni glutameti, na hiyo ndiyo inayokupa utamu wa mchuzi mzito, ule unaokufanya umeze mate.

Mizani hailioni hilo kwa sababu ya namna protini inavyopimwa. Maabara nyingi zinatumia njia ya Johan Kjeldahl, mkemia wa Denmark aliyeitoa mwaka 1883: unapima nitrojeni yote, kisha kwa maziwa unazidisha kwa 6.38. Nitrojeni iliyomo kwenye kazeini nzima na iliyomo kwenye asidi amino iliyokatika ni ile ile. Lebo ya jibini la miezi 12 na la miezi 36 zinaweza kukaribiana sana kwenye mstari wa protini, na vilivyomo ndani vikawa vyakula viwili tofauti. Mwenye kutaka kujua umri kwa maabara anapima nitrojeni inayoyeyuka kwenye maji ni sehemu gani ya nitrojeni yote. Hiyo ndiyo inayopanda mwezi hadi mwezi.

Kwa macho, mnaweza kuona hivi. La miezi 12 ni jeupe kwa umanjano, ukilikata linatii kisu, kipande chembamba kinapinda kidogo kabla ya kukatika. La miezi 30 halikatwi, linapasuliwa: unachoma kisu kifupi, unazungusha mkono, linaachia kwa magamba. Na ndani kuna vidoa vyeupe vinavyolia menoni. Vijana wetu walikuwa wakidhani ni chumvi iliyoganda. Ni tairosini, mojawapo ya hizo asidi amino. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, kwa hiyo ikizidi na maji yakipungua inajitenga na kuwa fuwele. Ukiiona ujue ukataji umefika mbali.

Mafuta yanabadilika kidogo kuliko protini. Sehemu ndogo inaachia asidi za mafuta, na hizo fupi zina harufu kali. Pecorino Romano, la maziwa ya kondoo, linauma ulimi kwa sababu wanatumia reneti ya mwanakondoo iliyobaki na vimeng'enya vya kukata mafuta. Katika Parmigiano na Cheddar kazi hiyo ni ndogo.

Chumvi inaingia kutoka nje kwenda ndani, na inachukua miezi kufika katikati ya gurudumu kubwa. Ukali wa asidi nao unashuka polepole kadiri asidi amino zinavyovunjika na kutoa amonia kidogo. Na matundu ya Emmental la Uswisi, maana najua litaulizwa: wapo bakteria wengine wanaokula asidi ya laktiki wakati jibini limewekwa chumba cha joto la nyuzi 20 na kitu, wanatoa hewa ya kaboni dayoksaidi, hewa inakosa pa kutokea.

Karibuni kwa maswali. Kama yupo anayefanya kazi ya maabara aongezee.

---

binti_wete

Ahsante sana kaka kwa darsa. Mama yangu akinywa maziwa glasi moja tu tumbo linamjaa gesi na kumkata. Mtindi anauvumilia kidogo. Kwa maneno yako, jibini hili gumu ataliweza?

stoo_kiwengwa

Dada, kama kinachomsumbua ni laktosi, jibini lililokomaa kweli ni miongoni mwa vyakula vya maziwa vyenye usalama zaidi kwake, kwa sababu sukari yenyewe haimo. Mtindi unamsaidia kwa kuwa bakteria wamekula sehemu ya sukari, lakini nyingi bado imo. Aanze na kipande kidogo pamoja na chakula. Ila angalia jambo moja: wapo watu ambao tatizo lao ni protini ya maziwa, wanavimba midomo, wanatoka vipele, wanabanwa na pumzi. Hao wasiguse, umri wa jibini hauwasaidii kitu. Na mwenye kudhurika na mayai asome lebo ya Grana Padano, ndugu yake Parmigiano, maana linaruhusiwa kutiwa lisozaimu inayotokana na ute wa yai. Parmigiano haliruhusiwi.

---

mpishi_forodhani

Yakhe mimi nauza pizza pale Forodhani. Natumia vile vijibini vya pembe tatu vya kwenye boksi la duara. Mgeni mmoja aliniuliza "hili limekomaa muda gani?" nikakosa jibu. Limekomaa muda gani?

stoo_kiwengwa

Mjibu kwamba halihesabiwi hivyo. Hilo ni jibini lililosagwa na kuyeyushwa upya kwa moto pamoja na maji na chumvi maalum za fosfeti au sitreti. Chumvi hizo zinaing'oa kalsiamu kutoka kwenye kazeini, wavu unafunguka, mafuta na maji vinashikana tena vikawa laini. Moto umeua bakteria na vimeng'enya karibu vyote, kwa hiyo haliendelei kukomaa, linakaa vile vile mpaka tarehe yake. Faida yake kwako ni kwamba halitoi mafuta juu ya chuma cha moto. Jibini gumu lililozeeka ukilitia kwenye pizza ile halivutiki hata kidogo, kwa sababu wavu wa kazeini umeshakatwa. Hilo linakunwa juu baada ya kuepua. Na dada wa Wete asije akachanganya: hivyo vya pembe tatu mara nyingi vinaongezwa unga wa maziwa, kwa hiyo laktosi imo.

---

maalim_mkunazini

Wa alaykumu salaam. Uzi mzuri, lakini umepita juu juu kwenye reneti, na kwetu hilo ndilo la kwanza. Katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi hapa Visiwani, reneti ya mnyama mchanga aliyechinjwa kisheria na ambaye hajala chochote ila maziwa ni tohara. Ya mnyama aliyekufa bila ya kuchinjwa si tohara kwetu. Wenzetu wa Hanafi wana wasaa zaidi katika hilo. Basi mtu atajuaje ndama yule wa Italia alichinjwaje?

stoo_kiwengwa

Maalim, hukumu ni yenu, mimi nitasema vilivyomo. Reneti ziko za namna nne. Ya tumbo la ndama, mwanakondoo au mwanambuzi. Parmigiano lazima itumie ya ndama, hakuna hiari. Ya kuvu, wanaoita ya vijidudu. Ya kimozini, kimeng'enya kikuu cha reneti ya ndama, inayotengenezwa na vijidudu vilivyopewa jeni la ndama. Hii iliruhusiwa Marekani mwaka 1990 na leo majibini mengi sana ya viwandani yanatumia hiyo, hakuna mnyama anayechinjwa kwa ajili yake. Na ya mimea. Hispania na Ureno wana majibini yanayogandishwa kwa maua ya mbaruti wa kule. Kwenye lebo tafuta maneno ya kwamba reneti ni ya vijidudu au ya mimea, au alama ya halali ya taasisi unayoiamini. Lebo ikisema "reneti" peke yake, haijakwambia kitu. Hotelini kwetu jibini la reneti ya ndama lina rafu yake na kibao chake, na mfanyakazi asiyetaka kulionja halazimishwi.

maalim_mkunazini

Hapo umesema kweli. Watu wasome lebo na waulize. Allah akulipe kheri.

---

muuguzi_zamu_ya_usiku

Naomba niongeze la afya, na hili nalisema kwa uzito.

Asidi amino anazozisifu kaka hapo juu zina upande wa pili. Baadhi ya bakteria wanaikata tairosini na kuifanya tairamini, na wanaikata histidini na kuifanya histamini. Jibini likizeeka, hizo zinaweza kurundikana. Histamini hiyo hiyo ndiyo inayowatia watu mashakani wakila jodari aliyeachwa juani: uso mwekundu, kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio. Kuipika hakuiondoi.

Kwa mtu mzima mwenye afya si tatizo, mwili unazivunja. Lakini kuna dawa zinazozuia uvunjaji huo. Zipo dawa za zamani za msongo wa mawazo ambazo mtu akila jibini lililozeeka presha yake inaruka ghafla kiasi cha kuhatarisha maisha. Na kuna aisoniazidi, dawa ya kifua kikuu, ambayo nayo ina athari ya namna hiyo kwa jodari na kwa jibini lililokomaa. Wagonjwa wa TB tunao. Mgonjwa asiache dawa hata siku moja. Aache jibini, na aeleze kliniki kama amewahi kupata hali hiyo.

La pili ni chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku kutoka vyakula vyote. Parmigiano ina kama gramu 1.6 katika gramu 100, Cheddar karibu na hapo. Pecorino Romano inapita hizo kwa mbali. Emmental ndiyo ndogo, chini ya gramu moja. Wenye presha wajue wanachokuna juu ya sahani.

stoo_kiwengwa

Dada muuguzi, umenifunza la aisoniazidi. Nitalibandika jikoni kwetu. Ahsante.

---

kijana_wa_baridi

Mkubwa, mimi niko chumba cha baridi hoteli nyingine. Kipande kikiota ukungu nitupe? Na kwa nini kikikaa nje kwenye bafe kinatoka jasho la mafuta?

stoo_kiwengwa

Jibini gumu lenye ukungu juu: kata kuzunguka na chini ya ukungu kama sentimita mbili na nusu, kisu kisiguse ukungu wenyewe, kilichobaki funga upya kwa karatasi safi. Maji ni machache na chumvi ipo, kwa hiyo ukungu haupenyi kirahisi. Jibini laini, lililokunwa au lililokatwa vipande vyembamba, tupa lote.

Jasho ni mafuta ya maziwa. Kwenye nyuzi 30 sehemu kubwa ya mafuta hayo imeshayeyuka, na katika jibini lililokomaa wavu wa kuyashika umelegea, kwa hiyo yanatoka juu. Yakishatoka hayarudi, na yakipigwa na mwanga na hewa yanaingia harufu ya mafuta ya zamani. Bafeni toa kidogo kidogo. Usikune asubuhi kwa ajili ya usiku. Ladha zile ni hewa, zinaruka. Na usiligandishe kama barafu, linabaki ungaunga.

---

bin_shehe

Nimesevu. Uzi wa maana.

---

mfugaji_chake

Salaam kutoka Pemba. Mimi nina ng'ombe wa maziwa hapa nje kidogo ya Chake. Msimu wa mvua majani yakiwa mengi, maziwa yananizidi, bei inaanguka, mengine nafanya mtindi na samli. Nikisoma hapa napata hamu. Je, jibini gumu la kukomaa linawezekana Pemba? Na reneti sina, lakini mapapai yapo tele. Utomvu wa papai si unalainisha nyama? Hauwezi kugandisha maziwa?

stoo_kiwengwa

Ami, swali lako ni zuri kuliko yote na nitalijibu kwa urefu.

Utomvu wa papai unagandisha, hilo ni kweli. Tatizo ni kwamba papaini, kimeng'enya cha utomvu huo, haijui kuacha. Kimozini ya ndama, wakati wa kugandisha, inakata aina moja tu ya kazeini, iitwayo kapa, mahali pamoja tu, na kuiacha nyingine karibu nzima. Papaini inakata kila mahali tangu dakika ya kwanza, kama inavyofanya kwenye nyama. Matokeo yake mgando ni dhaifu, protini nyingi inakimbia na maji, kilo zinapungua, na vile vipande vichungu nilivyovitaja vinajaa mapema. Kwa jibini la kula leo unaweza kujaribu. Kwa la kukaa miezi, haifai.

Sasa hali ya hewa. Watu wanadhani adui yetu ni unyevu. Unyevu wetu wa asilimia 80 na kitu ndio ule ule wanaoutafuta kwenye vyumba vya kukomazia. Hewa ikiwa kavu ganda linapasuka. Adui ni joto. Vyumba vile vinakaa baina ya nyuzi 10 na 18, kulingana na jibini. Sisi usiku wa Julai hatufiki hapo. Kwenye nyuzi 28 mafuta yanatoka, bakteria usiowataka wanashinda unaowataka, na vimeng'enya vinakwenda mbio bila ya mpangilio. Papa mkavu na ng'onda wetu wanakaa kwa sababu tunawatoa maji upesi kwa chumvi na jua, tukaifunga milango ya mabadiliko. Jibini linataka milango hiyo iachwe wazi kidogo, kwa miezi, kwenye baridi. Ndiyo maana kwa upande wa bara utaona kazi ya jibini inafanyika sehemu kama Njombe, kwenye milima yenye ubaridi.

Kwa hiyo Pemba ungelazimika kununua baridi kwa umeme. Na umeme ukikatika siku tatu, kazi ya miezi minane inaharibika pamoja. Unguja tunakumbuka Disemba 2009 hadi Machi 2010, miezi mitatu ya kiza kisiwa kizima. Hata kama hali ya leo si ile, jenereta lazima uihesabu. Ongeza kwamba pesa yako inalala rafuni mwaka mzima kabla hujauza kilo moja, na lita 100 zinakupa jibini gumu kama kilo 7 hadi 10 tu.

Ushauri wangu kwako ni jibini la aina ya Halloumi, lile la Kupro. Halihitaji kukomaa. Unachemsha maziwa kidogo kuua vijidudu: nyuzi 63 kwa nusu saa zinatosha, kisha unapoza hadi nyuzi 32 hadi 34. Unatia reneti ya vijidudu, inauzwa ya unga au ya maji. Yakiganda unakata, unapasha pole pole, unachuja, unakandamiza. Kisha vipande unavipika ndani ya yale maji yake mwenyewe kwenye nyuzi 90 na zaidi mpaka vipande vielee juu. Moto huo unaua vijidudu, unanyamazisha reneti, na ni mojawapo ya sababu jibini hilo halimwagiki juu ya kikaango. Unatia chumvi, unaweka kwenye maji ya chumvi ndani ya friji. Wiki hiyo hiyo umeshauza. Hoteli za huku mashariki zinanunua, kwa sababu wageni wasiokula nyama wanaliulizia kila siku.

mfugaji_chake

Nimekufahamu vizuri. La mwisho: yale maji yanayobaki ni mengi. Nimwage?

stoo_kiwengwa

Usimwage, na khasa usimwage karibu na kisima, yana sukari na yataoza. Lita 20 za maziwa zitakuachia maji kama lita 17 au 18. Kabla ya kupikia vipande vyako, pasha maji hayo hadi karibu nyuzi 90, tia ndimu kidogo, utaona mabonge meupe laini yanapanda. Hiyo ndiyo protini iliyokataa kuganda kwa reneti. Chuja kwa kitambaa, ule siku hiyo au kesho yake kwa mkate. Kisha tumia maji hayo hayo kupikia jibini. Yakipoa, wape ndama na mbuzi, lakini anza na kidogo, na yasiwe uliyokwisha kuyatia chumvi.

mfugaji_chake

Wallahi nitajaribu mvua za masika zikianza. Nitumie jina la reneti ya vijidudu mnayotumia, na kipimo chake kwa lita 20.

stoo_kiwengwa

Kipimo kinategemea nguvu yake, kila chupa ina yake, kwa hiyo fuata kilichoandikwa na usizidishe ukidhani utaharakisha. Ikizidi inaleta uchungu. Ichanganye kwanza na maji baridi yaliyochemshwa na kupozwa, yasiwe ya bomba yenye klorini, maana klorini inaiua. Ukikosa kuipata Chake nijulishe hapa, nitauliza mpishi wetu mkuu ananunua wapi mjini, kisha niiwekee barafu ije kwa boti.